Kifurushi bila moshi: kazi yote iko kwenye betri

Fika Marikiti, soko la Wakulima jijini Nairobi, kabla jua halijachomoza. Malori ya viazi yanamalizia kushusha, mikokoteni inapenya katikati ya watu, na kando ya barabara bodaboda zimejipanga, kila moja imefungwa kreti au gunia, injini zinanguruma na hakuna aliyeondoka. Kila ninapoulizwa mji uanzie wapi kuondoa moshi wa vyombo vya usafiri, namwelekeza muulizaji kwenye foleni hiyo. Tuanze na pikipiki ya kazi, gari la kifahari litasubiri.

Gari la mtu binafsi hushinda limeegeshwa. Bodaboda haina mapumziko: abiria asubuhi, vifurushi mchana, chakula cha watu jioni, na mwisho wa siku imekwenda kilomita 100 au zaidi. Chukua siku ya kilomita 120. Pikipiki ya petroli itakunywa takriban lita 3, na kwa kuwa kila lita ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa, hiyo ni karibu kilo 7 kwa pikipiki moja, mbali na gesi na chembechembe anazovuta mama muuza mboga aliyekaa kimo cha bomba la moshi. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo itataka uniti 4 au 5 za umeme. Zidisha lita kwa bei ya pampu ya mtaani kwako, uniti kwa bei ya tokeni, halafu linganisha. Tofauti hiyo inatokana na joto: sehemu kubwa ya nguvu ya petroli hupotea bila kuzungusha gurudumu. Aliyewahi kuungua shavu la mguu akishuka kwenye boda anajua joto hilo linakokwenda, na wengi wetu kovu tunalo.

Basi kwa nini zote hazijawa za umeme? Kwa sababu ya betri. Ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko nyingine zote, na kuichaji kwa soketi ya kawaida huchukua saa kadhaa ambazo dereva hana. Jibu lililokubalika zaidi Nairobi na Kigali ni kubadilisha betri badala ya kuisubiri ijae. Nenda ukaone kwenye kituo kimoja. Dereva anafika, anachomoa plagi, anaitoa betri yenye uzito kama wa ndoo ya maji ya lita 20 na kuisukuma kwenye kabati lenye vyumba kama masanduku ya posta. Taa ya chumba kingine inageuka kijani, anatoa iliyojaa, anaipachika, anaondoka. Hajamaliza hata dakika tano. Anachonunua ni nguvu aliyotumia, na betri yenyewe inabaki mali ya kampuni. Kwa hiyo pikipiki inauzwa bila bei ya betri juu yake, na dereva anayelipa mkopo kila siku anaweza kuimudu.

Umeme wenyewe je, ni safi? Kwa Kenya jibu ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wetu unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, haulali. Usiku wa manane, viwanda na nyumba vikiwa vimezima, mitambo hulazimika kupunguzwa nguvu kwa kukosa wateja. Betri zilizorundikana kituoni ndizo mteja wa saa hizo, na tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, ambayo hushuka zaidi nje ya saa za matumizi makubwa. Ubaya ni kuchaji saa moja jioni, wakati kila jiko na kila televisheni vinavuta. Vituo vijaze betri usiku.

Kuna jambo linaloniumiza katika haya yote. Kampuni hii ina betri yake, ile ina yake, plagi tofauti, umbo tofauti. Dereva wa kampuni moja akiishiwa chaji Githurai mbele ya kituo cha kampuni nyingine, atasukuma pikipiki kwa mguu akiziangalia betri zilizojaa. Hebu fikiria kama petroli ingeuzwa hivyo. Serikali na watengenezaji wakubaliane kipimo kimoja cha betri na plagi mapema, kwa maana vituo vikishaenea nchi nzima itakuwa ghali kuvibadilisha. Rwanda wenzetu wamekwenda mbali kwa sheria: tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria Kigali. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji vituo vitangulie, la sivyo mzigo unamwangukia dereva.

Kwa wafanyabiashara wanaotuma mizigo, pikipiki ya umeme peke yake haitoshi. Gari linalozunguka katikati ya mji na vifurushi kumi kwa anwani kumi linapoteza muda mwingi likitafuta pa kusimama. Miji ya Uholanzi, Amsterdam na Rotterdam zikiwemo, ilianza 2025 kuyawekea magari ya mizigo maeneo yasiyoruhusu moshi, na baadhi ya wenye mizigo hukusanya vifurushi kwenye bohari pembeni ya mji, kisha baiskeli za mizigo na vigari vya umeme vinamalizia safari. Sisi tuna mkokoteni, ambao haujawahi kutoa moshi hata siku moja, na umefukuzwa barabarani mara nyingi kuliko chombo kingine chochote. Upewe njia yake na pa kushushia mzigo.

Dereva unayefikiria kubadili, kabla ya kutia sahihi uliza haya: betri ikizeeka na kushika chaji kidogo, nani anaibadilisha? Ukichelewa malipo, kampuni inaweza kuizima pikipiki ukiwa barabarani na abiria? Kituo cha karibu na kijiwe chako kina betri ngapi usiku wa mvua? Mvua yenyewe isikutishe, betri na mota zimezibwa, lakini usipite kwenye maji yaliyofunika mota. Betri iliyoanguka au kuvimba irudishe kituoni siku hiyohiyo, usiichaji. Usimpe fundi wa mtaani aifungue, na usiichaji chumbani mnapolala na watoto. Na kwa kuwa pikipiki hii haina mngurumo, ukikaribia kivuko piga honi kidogo. Wasioona huvuka kwa kusikiliza.