Handikapu Si Wastani wa Mikwaju Yako

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa gofu, mtu mzima mwenye handikapu ya 18 (namba ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji ili ashindane sawa na walio bora kuliko yeye), alinikuta barazani hapa Raskazone, Tanga, akiwa na uso wa mfiwa. Alikuwa ametoka kucheza Dar es Salaam, amepiga mikwaju 95, na sasa alitaka tubadilishe namna yake yote ya kushika fimbo. "Mwalimu, hata handikapu yangu imenishinda." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, nami naijibu kabla haijamalizika: handikapu si wastani wa mikwaju yako.

Katika Mfumo wa Dunia wa Handikapu, ulioanza mwaka 2020 chini ya R&A na USGA, mashirika mawili yanayosimamia kanuni za gofu duniani, huchukuliwa raundi zako 20 za mwisho, zikachaguliwa 8 zilizo bora, na wastani ukatafutwa kwa hizo 8 tu. Namba inayopatikana hueleza unavyoweza kucheza siku mkono unapokutii; siku nyingine, ambazo ndizo nyingi, haizisemei.

Niligeuza kadi yake ya matokeo nikamwandikia mfano kwa penseli. Tuseme kiwanja kina ukadiriaji wa 72, yaani mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji mwenye handikapu ya 0, na kipimo cha ugumu cha kawaida, yaani 113, na katika raundi 8 bora umezidisha, juu ya hiyo 72, mikwaju 15, 16, 17, 18, 18, 19, 20 na 21. Wastani wake ni 18 kamili. Katika zile 12 zilizobaki umezidisha 22 mara tatu, 23 mara mbili, 24 mara mbili, kisha 25, 26, 27, 28 na 30. Wastani wa raundi zote 20 ni 22. Basi huyu tunayemwita "kumi na nane" kwa kawaida hupiga 94, amepata kupiga 87 na pia 102, na raundi alizopiga 90 au pungufu ni 5 tu. Hiyo 95 iliyomliza mwanafunzi wangu ni Jumamosi kama Jumamosi nyingine.

Kinachonikera ni gharama ya kosa hili. Aliyepiga 95 hukimbilia kununua fimbo mpya, na aliyepiga 87 wenzake humwita mwizi wa handikapu, yaani anayejifanya dhaifu ili apunguziwe mikwaju mingi, ilhali huenda wote wawili ni mtu yuleyule katika majuma mawili tofauti. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wameuchoka, ni kurudisha kila kadi, nzuri na mbaya, na fedha ya fimbo kuitumia kununua mipira ya kufanyia mazoezi ya mikwaju mifupi.

Wapo wanaoamini kwamba shimo moja baya huharibu kila kitu. Mwenye handikapu ya 18 kiwanjani hupewa mkwaju mmoja kila shimo, hivyo akipiga 11 kwenye shimo la pari 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 4, kwa hesabu ya handikapu huandikiwa 7 na si zaidi: hiyo 4, na 2 juu yake, na mkwaju wake mmoja.

Wengine husema kwamba raundi za mashindano ndizo pekee zinazohesabiwa. Raundi ya kirafiki iliyochezwa kwa kufuata kanuni na kuthibitishwa na mwenzako nayo huweza kuhesabiwa.

Wala 18 si 18 kila mahali: kwenye kiwanja chenye ugumu wa 130, ambacho ukadiriaji wake unalingana na pari, inakuwa 21.

Upepo wa kusi, ambao sisi wa Tanga huusingizia kila kitu, una hesabu yake pia. Kadi zisizopungua 8 za siku hiyo zikionyesha kwamba wachezaji kwa jumla wameharibu kuliko inavyotarajiwa, mfumo unaweza kukuondolea hadi mikwaju 3. Iwapo wenzako wamepiga kama kawaida yao na wewe peke yako umerudi na 102, upepo haukuhusika.