Kinachoangusha ndege ndogo huku kwetu

Mtu akishajua kwamba kazi yangu ni kufundisha urubani, swali huwa ni lile lile, tuwe Kisumu au Nakuru: injini ni moja, ikizima angani mtafanyaje? Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini kwa miaka niliyorusha ndege ndogo hapa Kenya, kati ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria, hofu yangu kubwa haijawahi kuwa injini. Naogopa joto la saa nane mchana, mawingu yaliyolala juu ya milima ya Mau, na mheshimiwa anayetazama saa yake kila dakika.

Marekani, ambako ndege hizi ni nyingi na ajali zake zimehesabiwa kwa muda mrefu, karibu robo tatu ya ajali za ndege ndogo huhusishwa na rubani mwenyewe, yaani alichoamua au namna alivyoishika ndege. Ubovu wa mitambo ni sehemu ndogo. Sisi wa magharibi tuna jambo jingine juu ya hilo: nchi yetu imeinuka, na ndege ndogo huhisi mwinuko kuliko abiria anavyodhani.

Chukua uwanja wa Lanet, Nakuru. Uko karibu futi 6,200 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya ndege huhesabu kwamba hewa ya kimo hicho ina joto la nyuzi 3 hivi. Nani amewahi kuona nyuzi 3 Nakuru saa nane mchana? Februari jua likiwaka ni nyuzi 27, siku nyingine zaidi. Sasa, hewa ya moto ni nyepesi kama ya juu, kwa hiyo kila nyuzi moja inayozidi ile ya kitabu huongeza kama futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inakihisi. Nyuzi 24 mara 120 ni futi 2,880. Maana yake, ndege iliyosimama Lanet mchana huo inafanya kazi kana kwamba iko juu ya futi 9,000, na bado haijatembea hata hatua.

Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo Cessna 172 ya nguvu farasi 160 inabaki na kama 117. Propela nayo inasukuma hewa nyepesi, na mabawa yanabebwa na hewa hiyo hiyo nyepesi. Rubani aliyejifunzia Malindi, kwenye usawa wa bahari, amezoea kusukuma kitasa chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa mpaka mwisho kabla ya kupaa. Akifanya hivyo Lanet anaizidishia injini petroli wakati hewa imepungua, na anapoteza hata zile nguvu chache zilizobaki. Huku juu lazima upunguze petroli injini ikiwa katika kasi kubwa, mpaka uisikie imetulia na inavuta vizuri, ndipo uachilie breki.

Kisha uje uzito. 172 ya aina hiyo inaruhusiwa kupaa ikiwa na kilo 1,043 kwa jumla. Yenyewe tupu ni kilo 650 hadi 680. Jaza matangi, kama lita 150, umeongeza kilo 110. Zinabaki kilo 260 hivi. Viti ni vinne, na hapo ndipo mgogoro unapoanzia, kwa sababu watu wanne wazima wa kwetu, wenye afya na mifuko yao, hawaingii kwenye kilo 260. Kiti kuwapo hakumaanishi kwamba kinaweza kukaliwa. Nimewahi kubishana nusu saa nzima na familia iliyotaka kubeba mashada ya maua, krate mbili za soda na shangazi. Shangazi alipanda, mimi nikapunguza petroli na kupanga kutua njiani kujaza tena. Krate zilibaki.

Ndege iliyozidi uzito haikatai kupaa pale pale, na hapo ndipo inapomdanganya rubani. Karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha (kwa 172 ni mita 11), ardhi inazuia mizunguko ya hewa inayotoka kwenye ncha za mabawa, na ndege hubebwa kwa wepesi zaidi. Magurudumu yanainuka. Abiria wanatoa simu kupiga picha. Halafu, ikifika kimo cha paa la ghorofa tatu, ndege inagoma kupanda. Mbele kuna miti, nyaya za stima, na nyuma yake ardhi inayoinuka kuelekea Menengai au Bahati. Rubani anavuta usukani, pua inainuka, kasi inashuka, honi ya onyo inaanza kulia, na asiposhusha pua mara moja mabawa yanaacha kubeba. Katika kimo hicho hakuna nafasi ya kurekebisha chochote.

Ninachowafundisha wanafunzi wangu ni kupima kabla ya kuamini. Hesabu umbali wa kupaa kwa jedwali la ndege yenyewe, kwa joto la siku hiyo, kisha ongeza akiba, maana jedwali liliandikwa kwa ndege mpya na rubani wa kiwandani. Chagua alama katikati ya uwanja, kichaka au jiwe jeupe. Ukifika hapo na hujapata asilimia 70 ya kasi ya kupaa, rudisha throtoli (kitasa cha nguvu za injini) nyuma, usimame, mpunguze mizigo. Na ukiweza, ondoka saa moja asubuhi.

Jambo la pili ni mawingu, na hili ndilo linaloua watu wengi kwa mpigo mmoja. Kati ya Nairobi na Kisumu kuna kuta za Bonde la Ufa, na Mau yenye sehemu zinazozidi mita 3,000. Upande wa ziwa kuna ukingo wa Nandi unaosimama ghafla juu ya uwanda wa Kano. Asubuhi kunaweza kuwa kweupe kabisa. Kufikia saa nane, upepo wa ziwa umepanda kukutana na ule wa milimani, na radi imesimama juu ya Kericho na Nandi ikishusha mvua ya mawe kwenye majani chai. Mkazi yeyote wa huko anaijua ratiba hiyo bila kusoma utabiri.

Rubani asiye na mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo vya dashibodi tu, akiingia kwenye wingu, hana muda mrefu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wa namna hiyo kwa kuwazuia wasione nje, katika ndege ya injini moja. Wote 20 walipoteza udhibiti, na wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Sababu iko kwenye sikio la ndani. Ndege ikianza kuinama polepole upande mmoja, sikio halisikii. Baada ya muda mwili unasema tumelala sawa, wakati chombo kwenye dashibodi kinaonyesha ndege imeinamia kushoto na inashuka. Mtu huamini mwili wake. Anavuta usukani ili asishuke, na kwa kuvuta anaikaza ile kona, nayo inageuka mzunguko unaoshuka kwa kasi. Dawa yake ni kugeuka nyuzi 180 na kurudi kweupe wakati bado unaona, mapema kiasi cha kuona aibu.

Wala uzoefu na injini nzuri si kinga. Juni 5, 2018, ndege aina ya Cessna Caravan, yenye injini moja ya turbini na marubani wawili, ilitoka Kitale kwenda Nairobi na ikaangukia milima ya Aberdare. Watu wote 10 walifariki, na kwa sababu ya ukungu na mvua mabaki yalipatikana siku mbili baadaye. Miaka kumi kabla yake, Juni 10, 2008, Cessna 210 iliyokuwa ikitoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Kericho ilianguka upande wa Narok. Waziri Kipkalya Kones na waziri msaidizi Lorna Laboso walifariki humo. Nazitaja kwa heshima, si kuwahukumu waliokuwa kwenye usukani. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga kinasema uchunguzi wa ajali lengo lake ni kuzuia nyingine, haufanywi kutafuta wa kulaumiwa. Natamani nasi, mitandaoni na vijiweni, tuwe na subira hiyo kila ndege inapoanguka.

Sasa injini. Ikizima, mara nyingi haijavunjika popote. Imenyimwa kitu.

Kwanza petroli yenyewe imeisha. Geji za ndege ndogo hazitegemewi. Tunapanda ngazi na kuchovya kijiti tangini kila safari, hata kama aliyeileta ndege ameapa kwamba imejaa.

Pili maji. Kisumu hunyesha usiku, na kifuniko cha tangi chenye mpira uliochakaa hupitisha maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa, pale pale injini inapoanzia kunyonya. Asubuhi tunatoa kidogo kwenye kikombe cha plastiki angavu na kukiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege ni ya buluu. Maji yakiwemo utaona kama ushanga unaoteleza chini ya kikombe. Mwanafunzi mpya huutafuta ule mstari wa kutenganisha maji na petroli, asipouona anasema safi. Lakini kikombe kikiwa kimejaa maji matupu, mstari hautakuwepo. Kwa hiyo tafuta rangi ya buluu, kisha nusa. Na kama umekuta kikombe hakina rangi na kinanuka mafuta ya taa, mtu amekujazia mafuta ya jeti. Usiiwashe kabisa.

Tatu, barafu. Watu hawaamini kwamba barafu inaweza kuganda Kisumu kwenye nyuzi 24, lakini ndani ya kabureta, panapochanganywa hewa na petroli, hewa inapopita kwenye koo jembamba na petroli inapogeuka mvuke, joto linaweza kuporomoka nyuzi 20 na zaidi. Hewa ya ziwa imejaa unyevu, na unyevu huo unaganda na kuziba njia. Mizunguko ya injini inashuka taratibu bila kelele yoyote. Ukivuta kitasa cha hewa ya moto, barafu inayeyuka, injini inameza maji na kukohoa vibaya sana. Hapo rubani mgeni hushtuka na kukirudisha kitasa mahali pake, na kufanya hivyo ni kuirudisha barafu. Acha kikohozi kiishe.

Na ikizima kabisa? 172 huteleza kama kilometa 2.7 kwa kila futi 1,000 za kimo. Ukiwa futi 5,000 juu ya ardhi una dakika kadhaa na eneo pana la kuchagua. Mashamba ya miwa ya Mumias yanavutia ukiwa juu, ila miwa iliyokomaa ni mirefu kuliko mtu na hunasa magurudumu. Bora iliyokatwa karibuni. Majani chai ya Kericho ni mazuri kwa macho tu, yako kwenye miteremko. Ukiwa karibu na ziwa, jihadhari na gugu maji. Kwa juu linafanana na malisho mabichi kabisa, na chini yake ni maji. Ndiyo maana safari ya visiwa vya Rusinga au Mfangano sipandi bila jaketi za kuokolea kila mtu, zikiwa zimevaliwa.

Iliyo mbaya ni kuzima mara tu baada ya kupaa. Hapo usirudi uwanjani. Kila rubani moyo wake unamvuta arudi, kwa sababu lami iko pale nyuma na anaifahamu. Lakini kona ya nyuzi 45 huongeza kwa asilimia 19 kasi ambayo chini yake mabawa huacha kubeba, na ya nyuzi 60 kwa asilimia 41, wakati huna injini ya kukuongezea chochote. Shusha pua, tua mbele, chagua kilicho laini kidogo kushoto au kulia. Ndege ikigusa chini ikiwa mlalo na kwa kasi ndogo, watu hutoka wakitembea.

Wanatoka zaidi wakiwa na mkanda wa bega. Ndege nyingi za zamani zilitengenezwa na mkanda wa kiuno pekee, na mkanda wa kiuno huacha kichwa kiende kwenye dashibodi. Gharama ya kuongeza mikanda hiyo ni ndogo mno kwa mwenye ndege. Kabla hujapanda, uliza kama ipo. Uliza pia kama ndege ina kifaa cha kutuma ishara ya dharura cha megahazi 406, maana setilaiti ziliacha kusikiliza kile cha zamani cha 121.5 tangu Februari 1, 2009. Mengine ni ya rubani kuyaangalia: korongo wanaozunguka juu ya jalala la Gioto, Nakuru, na nyigu wa matope wanaojenga ndani ya mrija wa kupimia kasi ukiachwa bila kifuniko.

Nimalizie na Jumamosi za mazishi, kwa sababu huko ndiko ndege nyingi za kukodi huelekea. Ukikodi ya injini moja kwenda Siaya au Homa Bay, mwambie rubani uzito wa kweli wa kila mtu siku moja kabla, na mizigo yote. Panga kutua kabla ya saa nne. Panga pia kuondoka kabla ya saa saba, na mchungaji aambiwe mapema. Kama hotuba zimeenda mpaka saa tisa na juu ya Nandi kumekuwa kweusi, rubani akisema hatuondoki, usimpigie mwenye kampuni kumlalamikia. Kuna ndege za abiria za jioni kutoka Kisumu, na kama zimejaa, kuna hoteli za kulala mpaka alfajiri.