Arjuna si "mpiga mishale"

Kwa mara nyingine nimekutana na orodha ya majina ya watoto inayodai kwamba Arjuna maana yake ni "shujaa" au "mpiga mishale". Hapana. Ni neno la rangi la Kisanskriti, lugha ya kale ya India: nyeupe, inayong'aa kama fedha. Lina undugu na argentum ya Kilatini. Hata mti uitwao arjuna, wa ukoo mmoja na mkungu wetu wa pwani, una gome laini, jeupe-jeupe.

Katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za India, kitabu cha 6, wimbo wa 9 unaanza na siku mbili: siku krishna, nyeusi, na siku arjuna, nyeupe, yaani usiku na mchana. Upinde haupo hapo. Upinde ulikuja na Arjuna wa Mahabharata, utenzi mkuu wa India, yule wa tatu kati ya ndugu watano Wapandava, na sifa zake zikaganda kwenye jina.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kusema kwamba basi Arjuna alikuwa na ngozi nyeupe. Someni Virata Parva, kitabu kimojawapo cha Mahabharata, pale anapomweleza Uttara, mwana wa mfalme, majina yake 10 na sababu ya kila moja. Anaitwa Arjuna, asema, kwa kuwa rangi kama yake ni adimu duniani na matendo yake ni meupe, yaani safi. La 10 ni Krishna, "mweusi", alilopewa na baba yake kwa mapenzi, kwa ule weusi wake unaong'aa. Yote mawili ni ya mtu mmoja, katika sura moja! Mimi nausoma weupe huo kuwa wa matendo, ingawa nakiri ile "rangi adimu" inabishaniwa, na wapo wafasiri wanaomfanya mweupe.

Anayetaka jina la mishale achukue Savyasachi, avutaye upinde hata kwa mkono wa kushoto. La ushindi ni Vijaya. Yote yamo katika orodha ileile.

Kwa Devanagari, hati ya Kisanskriti na Kihindi, huandikwa अर्जुन. R hapo haina irabu, kwa hiyo hupanda juu ya j kama ndoano, na u hukaa chini yake. Ukiona अरजुन kwenye kadi au tatuu, hapo pameandikwa "Arajuna". A ya mwisho ni fupi. Ukiivuta, jina linasikika kama la kike. Kihindi na Kigujarati huiacha kabisa: Arjun. Wapunjabi husema Arjan, kama Guru Arjan, guru wa tano wa Masingasinga, aliyefariki 1606. Ni jina lilelile, kwa hiyo msimsahihishe anayeitwa hivyo.