Raba ya zamani isiyovaliwa si lazima iwe nzima

Wapenzi wengi wa raba za basketi za zamani huamini kwamba pea iliyokaa kwenye boksi bila kuvaliwa hubaki mpya miaka yote, hivyo huilipia pesa nyingi. Kama ni ya kupamba kabati, sawa. Ya kuvaa? Hapana.

Chukua Air Jordan 3 ya 1988 au Air Jordan 4 ya 1989, zote kazi ya Tinker Hatfield, mbunifu wa viatu wa Nike. Soli yao ya kati, ile sehemu nene inayobeba kisigino, ni ya poliyurethani, aina ya plastiki yenye povu. Inapokea kishindo vizuri sana, lakini adui yake ni unyevu. Mvuke ulio hewani huvunjavunja kemikali zake polepole hata kiatu kikiwa kimelala tu. Ngozi inang'aa, kamba nyeupe pee, kumbe soli imeshaoza; hatua chache tu inapasuka na kumwaga makombo. Joto na unyevunyevu wa Mombasa au Dar es Salaam huharakisha uozo huo. Chuck Taylor, raba ya Converse yenye soli ya mpira, haina ugonjwa huu.

Kwa hiyo anayetaka kuvaa atafute toleo la marudio la miaka ya karibuni: sura ni ileile, soli bado changa. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwenye lebo ndogo ndani ya kiatu. Kisha bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ukiona nyufa au unga, rudisha, hata muuzaji akikuonyesha boksi lake la awali.