Je, wajua? Kwa nini wimbo wa malalamiko uligeuka wimbo wa shule

"This Land Is Your Land" (Nchi Hii Ni Yako) huimbwa Marekani kama wimbo wa pili wa taifa, na wengi huamini mwimbaji Woody Guthrie aliutunga kuisifu nchi yake. Sivyo. Aliutunga kwa kukerwa. Redio zilikuwa hazichoki kupiga "God Bless America" (Mungu Ibariki Amerika) wa Irving Berlin, ulioimbwa na Kate Smith. Guthrie, mzaliwa wa Okemah, Oklahoma, alikuwa amewaona wakulima waliong'olewa na ukame na madeni wakihamia California kusaka vibarua, na hao baraka hizo hazikuwafikia. Tarehe 23 Februari 1940, akiwa New York, aliandika jibu lake. Katika ubeti mmoja anakuta bango la kuzuia watu kupita kwa kuwa ardhi ina mwenyewe. Nyuma ya bango hakuna maandishi. Katika mwingine watu wenye njaa wamesimama nje ya ofisi ya misaada, naye anauliza kama kweli nchi hii ni yetu sote.

Beti hizo ndizo zilizopotea wimbo ulipoingia mashuleni. Tusiwatwike walimu lawama zote, maana Guthrie alirekodi ubeti wa bango mwaka 1944, ila rekodi iliyotolewa 1951 haikuwa nao.

Wimbo ulienea kwa nini basi? Kwa mahadhi, ambayo hayakuwa mapya. Yanafuata wimbo wa dini uliorekodiwa na kundi la Carter Family, na ndiyo ilikuwa desturi ya Guthrie: wimbo wa chama cha wafanyakazi, "Union Maid", aliuweka kwenye mahadhi ya "Red Wing", na wa mto Columbia kwenye "Goodnight, Irene". Ni kama kanga: mchapishaji anachukua mji na pindo ambazo kina mama wameshazipenda, anabadilisha jina tu. Mnunuzi hana haja ya kuizoea. Macho yanakwenda moja kwa moja kwenye maneno. Vivyo hivyo wafanyakazi mkutanoni waliitikia kibwagizo papo hapo, bila nota wala mazoezi.

Lakini mahadhi yaliyozoeleka hivyo hubeba maneno yoyote, hata yaliyopunguzwa, na mwimbaji asihisi pengo. Guthrie alifariki 1967. Beti zilizoachwa ziliimbwa mbele ya umati mkubwa Washington tarehe 18 Januari 2009, siku mbili kabla Obama hajaapishwa, na rafiki wa Guthrie, mwimbaji Pete Seeger, mwenye miaka 89, akiwa na mwimbaji Bruce Springsteen.