Uonevu wa wanafunzi vijijini uko njiani zaidi kuliko darasani

Wazazi wengi wa Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, wakisikia mtoto anasumbuliwa na wenzake husema, "Huo ni utani tu, atazoea." Nawaelewa, maana Unyamwezini tumekulia kwenye utani. Lakini utani una masharti: mtani akikurushia neno nawe unamrudishia, na siku ya msiba anakuja kukusaidia. Mtoto wa darasa la tatu anayeitwa "mkimbizi" kila asubuhi na wavulana wa darasa la saba atarudisha nini? Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni huko Sweden miaka ya 1970, alitaja mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na anayeonewa ana nguvu kidogo kuliko anayemwonea. Hilo la tatu ndilo tunalolipuuza.

Hilo la "mkimbizi" linaniuma kweli. Familia za makazi ya Ulyankulu, huko Kaliua, zilikimbia Burundi mwaka 1972. Watoto hawa wamezaliwa hapa, wazazi wao wengi pia, na wengi wamepewa uraia. Wengine wanaolengwa ni watoto wa vibarua wa tumbaku, wanaokosa masomo msimu wa kuvuna na kurudi wakiwa nyuma ya wenzao.

Katika kazi yangu ya saikolojia ya elimu nimeacha kuanza na swali la "nani anakuonea?" Mtoto atanyamaza, kwa sababu anayemwonea ni jirani, pengine hata binamu. Namuuliza anapita njia gani na anatembea na nani. Mwalimu wa zamu anaona mstarini na uwanjani. Haoni kisimani, nyuma ya vyoo, wala kilomita kadhaa za miombo kati ya shule na kitongoji. Mtoto aliyebadili njia ghafla, anayepoteza daftari mara kwa mara au kuumwa tumbo kila Jumatatu, msikilizeni.

Viboko havisaidii. Mwonevu aliyechapwa mbele ya shule humalizia hasira yake jioni, porini, kwa yule yule aliyesema. Nguvu yake iko kwa wanaocheka. Mtafiti Christina Salmivalli na wenzake wa Finland waliliona hilo, na KiVa, mpango wa huko wa kuzuia uonevu shuleni, unawafundisha watazamaji. Nasi tunaweza bila gharama: wapangeni wanafunzi kwa vitongoji, wakubwa na wadogo watembee pamoja, na wafanyeni mazoezi ya jambo moja dogo, kumwita anayezongwa: "Njoo, twende wote." Hakuna anayelazimika kupigana.

Ila mtoto akiumizwa mwili, au akiguswa kwa namna ya ngono, jambo hilo lisiishie kwa balozi wa nyumba kumi wala kwenye suluhu ya wazee wa koo mbili. Nasema hivi nikijua wazee wanataka amani ya kijiji. Mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, na hata jirani aliyeona anaweza kupiga.