"Pit" Si Shimo: Majina ya Mashamba ya Uskoti Yanavyosomwa Kombo

Ukiorodhesha majina ya mashamba katika parokia za Fife, hukosi mtu wa kukueleza, tena kwa uhakika wote, kwamba majina yanayoanza na Pit- yametokana na mashimo ya makaa ya mawe. Nimechoka kulisikia. Ni kweli Fife ilichimbwa makaa karne nyingi, na Waingereza shimo la mgodi huliita "pit". Basi mtu anajiona kamaliza utafiti bila kufungua hati hata moja!

Pit- ni neno la Wapikti, watu wa kale wa Uskoti, pett, yaani kipande cha ardhi. Limo katika Book of Deer, injili ya kale ya Aberdeenshire, ambamo watawa walijaza nafasi tupu kwa maelezo ya Kigaeli, lugha ya Kiselti ya Uskoti, kuhusu ardhi waliyopewa. Maelezo hayo ni ya karne ya 12. Tena majina haya yametapakaa hata kusiko na makaa kabisa. Anayeng'ang'ania mashimo namwuliza: Pitlochry, kule milimani Perthshire, walichimba nini?

Ugonjwa ni ule ule wa kusoma jina kwa sura yake ya leo. Mashamba ya Angus yanayoitwa Cotton hayakulima pamba. Ni cot-toun, makazi ya vibarua waliopewa kibanda na kijishamba. Kwa hiyo nasema, na wengine hunikwepa kwa kulisema mno: usiguse maana kabla hujapanga tahajia zote kwa tarehe. Anza na hati za Muhuri Mkuu, yaani hati za kifalme za kutoa ardhi, ufuate Rejista ya Sasines, daftari la umiliki wa ardhi lililoanza 1617, kisha ramani ya kijeshi ya 1747–1755 iliyoongozwa na William Roy. Ramani za karne ya 19 zije baadaye.

Hapo hujitokeza wa kusema, "Lakini Ordnance Survey, wachora ramani wa serikali, waliandika hivi." Waliandika, na vitabu vyao vya majina ni hazina, kwa kuwa vinaonyesha tahajia zilizoshindana na nani aliulizwa. Ila aliyeulizwa mara nyingi alikuwa mwenye ardhi, mchungaji au mwalimu. Kibarua aliyelitamka jina kila siku hakuwa na sauti kubwa. Mrekodi mzee wa hapo akitamka, hata kama ramani unayo mkononi.

Eti Kigaeli hakikusemwa nyanda za chini? Auchtermuchty na Balmullo ni majina ya Kigaeli, na ziko Fife, huko huko nyanda za chini. Tuendelee.

Wala shamba moja halikuwa la familia moja tangu enzi. Kabla ya mageuzi ya kilimo ya karne ya 18, wapangaji kadhaa walilima pamoja kwenye fermtoun moja, yaani kijiji cha shamba. Ardhi ilipogawanywa, jina nalo likagawanyika: Easter (mashariki) na Wester (magharibi), Over (juu) na Nether (chini). Ukikuta Easter peke yake, mtafute Wester, hata akiwa magofu ndani ya msitu wa misonobari, na umwandike pamoja na nambari yake ya gridi kwenye ramani.